Nyumba zajengwa, walalahoi wabaki nje: Chimbuko la ukosefu wa makao nchini Kenya

UKOSEFU wa makao ni tatizo linaloonekana na kila mtu katika miji ya Kenya, ila ni wachache wanaokifahamu kiini chake. Jua linapotua Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret, kuna watu wanaotandika maboksi na magunia kwenye vibaraza vya maduka yaliyofungwa. Wapitanjia huwaita kwa jina moja la dharau, chokoraa, na wengi hudhani kwamba watu hao walijitakia masaibu yao kwa uvivu, ulevi au utundu wa utotoni.

Historia ya taifa hili yatoa picha tofauti. Kwa zaidi ya karne moja, serikali za vipindi mbalimbali zimetunga sera za makazi, zikatenga ardhi, zikakopa fedha na kujenga. Hata hivyo, karibu kila mpango uliobuniwa kwa jina la mnyonge umeishia mikononi mwa aliyemzidi uwezo. Ili kuelewa ni kwa nini baadhi ya Wakenya hawana pa kulaza ubavu, sharti mtu aelewe jinsi nyumba zilizokusudiwa wao zilivyowapita.

Maana ya kutokuwa na makao

Kwa maana finyu, asiye na makao ni yule anayelala nje. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka wa 2018 iliwapata watu 46,639 kote nchini. Mwaka mmoja baadaye, sensa ya 2019 iliwaorodhesha watu zaidi ya 20,000 waliokutwa wakilala nje usiku wa kuhesabiwa. Takwimu hizo zinatofautiana kwa kuwa hazikuuliza swali moja. Sensa iliwasaka waliolala nje usiku huo, ilhali hesabu ya awali iliwalenga watu wa mitaani kwa jumla.

Kwa maana pana, kundi hilo ni kubwa zaidi. Linajumuisha familia iliyobanana katika chumba kimoja cha mabati kilichojengwa kando ya mto au reli, isiyo na hati wala mkataba, na inayoweza kufurushwa kabla ya kupambazuka. Leo wana paa; kesho huenda wasiwe nalo. Wataalamu wa masuala ya makazi huwahesabu watu hao miongoni mwa wasio na makao ya kutegemewa.

Makundi haya mawili yana uhusiano wa karibu. Anayelala barabarani mara nyingi alianza katika chumba cha kukodi, akashindwa kulipa, akakaribishwa na jamaa, na hatimaye akajikuta hana wa kumpokea. Kwa hivyo, sera inayogusa nyumba za kupanga katika mitaa ya mabanda humgusa pia yule aliye kwenye kibaraza cha duka.

Mji uliojengewa wapita njia

Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli iliyotoka Mombasa. Tangu awali, serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa misingi ya rangi. Wazungu walitengewa maeneo yenye miinuko upande wa magharibi na kaskazini. Wahindi waliishi Parklands, Ngara na Eastleigh, nao Waafrika wakasukumwa nyanda za mashariki, sehemu ambayo hadi leo huitwa Eastlands.

Mwafrika hakutazamwa kama mkazi wa mji bali kama kibarua aliyekuja kufanya kazi na kurudi mashambani. Kipande alichovishwa shingoni kilimfuatilia alikotoka na aliyemwajiri. Aliyepatikana mjini bila kazi angeweza kukamatwa kwa kosa la uzururaji na kurejeshwa kijijini. Kwa msingi huo, vyumba vilivyojengwa na waajiri kama vile shirika la reli kule Muthurwa vilikusudiwa hasa mwanamume anayeishi peke yake. Mke na watoto hawakuwa katika hesabu.

Pumwani, uliotengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ndio mtaa ambako Waafrika waliruhusiwa kujijengea nyumba zao. Mitaa kama Ziwani, Starehe na Kaloleni ilifuata katika miaka ya 1940, lakini idadi ya vyumba haikufikia kamwe idadi ya vibarua waliohitajika viwandani. Waliokosa nafasi walijibanza katika vyumba vya wenzao au wakajenga vibanda pembezoni.

Kibera nayo ilianza kwa njia yake. Wanajeshi wa Kinubi waliolitumikia jeshi la kikoloni waliruhusiwa kukaa katika msitu ulio kusini magharibi mwa mji, wakauita Kibra, yaani msitu. Walipewa ruhusa ya kuishi, si hati ya kumiliki. Ilichukua hadi Juni 2017 kwa jamii hiyo kukabidhiwa hatimiliki ya ekari 288, wakati ambapo eneo lililosalia lilikuwa limekwisha kugeuka mojawapo ya mitaa mikubwa ya mabanda barani Afrika.

Hapo ndipo lilipo chimbuko la tatizo. Mji ulihitaji nguvu za mfanyakazi lakini haukutaka kumpa makao. Mitaa ya mabanda ilizaliwa katika pengo hilo, wala haikutokana na uzembe wa waliokuja mjini.

Ahadi za uhuru

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, vizuizi vya kuingia mijini viliondolewa. Watu waliokosa ardhi mashambani, wakiwemo wale ambao hawakunufaika na ugawaji wa mashamba ya walowezi, walifurika Nairobi. Jiji lililokuwa na watu wapatao 350,000 wakati wa uhuru lilikuwa na watu 2,143,254 katika sensa ya 1999, na 4,397,073 ilipofika 2019.

Serikali haikukaa kimya. Waraka wa kwanza wa sera ya nyumba ulitolewa katika kipindi cha 1966/67, na mnamo 1967 Shirika la Nyumba la Kitaifa likachukua mahali pa bodi iliyoundwa na wakoloni mwaka wa 1953. Waraka huo uliahidi nyumba bora kwa kila familia. Papo hapo, uliyatazama mabanda kama uchafu wa kuondolewa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Baraza la Jiji lilibomoa maelfu yake.

Katikati ya miaka hiyo ulikuja mpango tofauti. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Baraza la Jiji lilianzisha mradi wa Dandora mwaka wa 1975. Badala ya kujenga nyumba kamili, lilipima ploti zipatazo 6,000 na kuziwekea maji, choo na bomba la majitaka. Mwenye ploti alitarajiwa kujenga vyumba polepole kulingana na uwezo wake, na kukodisha kimoja au viwili ili apate fedha za kulipia mkopo.

Wazo hilo lilikuwa na busara, na maelfu ya watu walipata makao kwa sababu yake. Lakini utekelezaji wake ulifichua jambo ambalo limejirudia tangu wakati huo. Malipo ya mkopo yalikuwa ya kila mwezi, ilhali mapato ya kibarua ni ya siku kwa siku. Ugonjwa mmoja, kifo cha jamaa au kusimamishwa kazi kulitosha kumtia kwenye malimbikizo ya deni. Mwenye mshahara wa kudumu alipotokea na fedha taslimu, kibarua aliuza haki yake na kurudi kwenye mabanda. Katika vitabu vya mradi, maskini mmoja alikuwa amepewa makao. Mtaani, alikuwa mpangaji tena.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwingineko. Mtaa wa Umoja, uliojengwa kwa ufadhili wa Marekani, ulikusudiwa wenye mapato ya chini lakini ukakaliwa kwa wingi na watu wa tabaka la kati. Buru Buru, uliojengwa kati ya 1973 na 1983, ulikuwa wa tabaka hilo tangu mwanzo. Nyumba hizo zilihitajika na zimewafaa wengi, ila hazikupunguza msongamano wa Mathare wala Mukuru.

Enzi ya tingatinga na unyakuzi

Katika miaka ya 1980 na 1990, serikali ilijiondoa kwa kiasi kikubwa katika ujenzi wa nyumba za umma. Wafadhili walisisitiza kubanwa kwa matumizi, na uchumi ukadorora. Wakati huo huo, ardhi ya umma iliyokuwa imetengewa shule, barabara, masoko na makazi iligawiwa watu wenye ushawishi. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoundwa mwaka wa 2003 na kuwasilisha ripoti yake mwaka uliofuata, ilikadiria kwamba hatimiliki zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria.

Athari za unyakuzi huo kwa makazi ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Serikali isiyo na ardhi katikati ya jiji hulazimika kuinunua kwa bei ya soko, na gharama hiyo humwangukia mnunuzi wa nyumba au mlipa ushuru. Isitoshe, aliyejipatia hati ya ploti yenye mabanda alihitaji kwanza kuwaondoa wakazi wake.

Hapo ndipo tingatinga lilipopata kazi. Mei 1990, kijiji cha Muoroto karibu na kituo cha mabasi jijini Nairobi kilibomolewa huku kukizuka makabiliano makali kati ya wakazi na askari. Novemba mwaka uo huo ikawa zamu ya Kibagare. Viongozi wa makanisa na wanasiasa walilaani ubomoaji huo, na mitaa hiyo miwili ikawa mfano wa jinsi watu wanavyoweza kupoteza makao yao kwa saa chache.

Ubomoaji haukuyamaliza mabanda kwa sababu rahisi: waliobomolewa hawakuwa na pengine pa kwenda. Walihamia mtaa wa mabanda uliofuata, wakaongeza msongamano na kupandisha kodi ya chumba. Mwenye kuchuma ni mwenye vibanda, ambaye aghalabu haishi hapo. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka wa 2006 kuhusu mitaa ya mabanda ya Nairobi ilibaini kwamba asilimia 92 ya kaya zilikuwa za wapangaji.

Takwimu hiyo ina uzito wa kipekee. Ina maana kuwa hata pale serikali inapokubali kulipa fidia ya mabanda, fedha hizo zaweza kumwendea mwenye vibanda huku mpangaji akiambulia patupu. Aidha, sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, iliyotungwa kumlinda mpangaji wa kipato cha chini, ilihusu nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho hakikupandishwa kwa miongo mingi, na kadiri kodi zilivyopanda ndivyo wapangaji wengi walivyotoka nje ya ulinzi wake.

Pwani: nyumba bila ardhi

Katika Pwani ya Kenya, kiini cha tatizo ni ardhi yenyewe. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa maili kumi, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, wajitokeze kuyathibitisha. Waliojua sheria na kuwa na nyaraka walipata hati. Jamii nyingi za Wamijikenda na nyinginezo zilizomiliki ardhi kwa pamoja na bila maandishi zilijikuta maskwota katika ardhi ya mababu zao.

Mombasa ina utaratibu wake uliotokana na hali hiyo, unaojulikana kama nyumba bila ardhi. Mtu humiliki nyumba ya Kiswahili aliyoijenga, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine ambaye hulipwa kodi ya kiwanja. Kwa vizazi kadhaa mpango huo uliwawezesha wengi kumiliki nyumba kwa gharama ndogo. Hata hivyo, bei ya ardhi inapopanda, mwenye kiwanja hutamani kukiuza, na mwenye nyumba hujikuta na kuta zisizo na pa kusimama.

Mzozo wa shamba la Waitiki huko Likoni, lenye ekari zipatazo 930, unaonyesha ugumu wa jambo hili. Mwenye hati aliondoka kufuatia ghasia za 1997, na maelfu ya watu wakajenga makazi yao. Serikali hatimaye ililinunua shamba hilo, na Januari 2016 wakazi wakaanza kupewa hati. Suluhu ilipatikana, lakini baada ya takriban miongo miwili ya wasiwasi kwa pande zote.

Ghasia, ukame na kuvunjika kwa familia

Si kila asiye na makao amefikishwa hapo na sera ya nyumba moja kwa moja. Mapigano ya kikabila katika Bonde la Ufa mnamo 1991 na 1992, na yale ya Likoni mwaka wa 1997, yaliwang'oa watu wengi makwao. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwaua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha wengine wapatao 600,000. Baadhi yao walirudi, wengine walitafutiwa ardhi, na kuna waliotokomea mijini bila kuhesabiwa tena.

Ukimwi, hasa katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, uliwaacha watoto wengi bila wazazi. Ukame wa mara kwa mara katika kaunti za kaskazini huwamaliza mifugo na kuwasukuma wafugaji kuelekea mijini. Nyumbani kwenyewe nako, ugomvi, dhuluma na ulevi wa wazazi huwafanya watoto waikimbilie barabara. Mwaka wa 2003 serikali ilianzisha hazina maalumu ya kuzirekebisha familia za mitaani, na vijana kadhaa wakapelekwa katika vituo na mafunzo ya kazi.

Hata hivyo, urekebishaji huo umekuwa ukigonga mwamba mmoja. Kijana aliyepata ufundi na kuacha gundi bado anahitaji chumba. Asipokipata, hurejea alikotoka. Mambo yote yaliyotajwa hapa humtoa mtu katika nyumba aliyokuwa nayo. Kinachoamua iwapo atabaki nje ni kama kuna nyingine anayoweza kuimudu.

Sera ya 2004 na somo la Kibera

Mwaka wa 2004 Bunge lilipitisha sera mpya ya kitaifa ya nyumba. Ilikiri kwamba miji ilihitaji nyumba mpya zipatazo 150,000 kila mwaka ilhali zilizokuwa zikijengwa hazikuzidi 30,000. Muhimu zaidi, ilibadilisha msimamo kuhusu mabanda: badala ya kubomolewa, yalipaswa kuboreshwa huku wakazi wakihusishwa.

Mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda, ulioendeshwa kwa ushirikiano na Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, ulianzia Soweto Mashariki, Kibera. Mnamo Septemba 2009 wakazi walihamishwa kwa muda hadi nyumba mpya karibu na Lang'ata ili mabanda yao yabomolewe na mahali pake pajengwe upya. Kesi mahakamani na ucheleweshaji vilifuata. Nyumba 822 zilikabidhiwa wakazi mwaka wa 2016, zaidi ya mwongo mmoja tangu mpango huo uanzishwe.

Sensa ya 2009 iliripoti kwamba Kibera ilikuwa na watu wapatao 170,000, idadi ya chini mno ikilinganishwa na milioni moja iliyokuwa ikitajwa na wengi. Hata kwa hesabu hiyo ndogo, nyumba 822 ni tone baharini. Na baadhi ya waliopewa vyumba waliamua kuvikodisha kwa watu wenye kipato kuwazidi na kurejea mabandani, kwa kuwa kodi hiyo iliwalisha na kuwasomeshea watoto. Wakosoaji waliwaita wasio na shukrani, ilhali walichofanya ni kuchagua chakula badala ya ukuta wa mawe.

Kuna mifano iliyopata ufanisi zaidi, na yote ina sifa moja: wakazi walihesabiwa na kuafikiana kabla ya ujenzi kuanza. Kambi Moto, mtaani Huruma, wanachama wa vikundi vya akiba walijijengea nyumba ndogo za mawe papo hapo walipokuwa wakiishi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huko Mukuru, serikali ya kaunti ilitangaza eneo maalumu la upangaji mnamo Agosti 2017, na wakazi wakashiriki kuamua barabara, mifereji na shule zipite wapi.

Katiba yaahidi, tingatinga laendelea

Katiba iliyozinduliwa Agosti 2010 ilileta mabadiliko makubwa ya kisheria. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata makao yanayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Mwaka wa 2016 sheria ya ardhi ilirekebishwa ili anayetaka kuwaondoa watu katika ardhi atoe notisi ya angalau miezi mitatu, na ubomoaji ufanywe kwa kuheshimu utu wa wanaohusika.

Kesi iliyoipima ahadi hiyo ilihusu kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kilichobomolewa Novemba 2011. Wakazi walishinda katika Mahakama Kuu mwaka wa 2013 na kushindwa katika Mahakama ya Rufaa mwaka wa 2016. Januari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watu walioishi katika ardhi ya umma bila hati wana haki ya makao ambayo mahakama inaweza kuilinda. Ushindi huo ulipatikana zaidi ya miaka tisa baada ya nyumba kuanguka.

Kati ya sheria na utekelezaji kuna umbali. Mnamo Mei 2020, wakati Wakenya walipoagizwa wakae nyumbani ili kuepuka virusi vya corona, maelfu ya wakazi wa Kariobangi walibomolewa nyumba zao licha ya kuwepo kwa agizo la mahakama. Mwishoni mwa 2021 makumi ya maelfu walipoteza makao Mukuru kwa Njenga ili kupisha barabara. Na baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, serikali iliwaamuru waliojenga ndani ya mita 30 za kingo za mito waondoke, kisha ikayabomoa makazi yao Mathare na kwingineko. Rais William Ruto alitangaza msaada wa Sh10,000 kwa kila familia iliyoathiriwa.

Hakuna anayepinga kwamba kando ya mto si mahali salama pa kulea watoto. Swali ni kwa nini watu walijenga hapo. Ardhi hatari ndiyo ya bei ya chini zaidi kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka, na familia iliyoondolewa bila kuonyeshwa pa kwenda huishia kwenye hatari nyingine.

Ushuru wa nyumba na nyumba za bei nafuu

Suala la makao liliingia katika hati za malipo ya mishahara mwaka wa 2018, wakati serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilipoahidi nyumba 500,000 kufikia 2022 na kupendekeza makato ya asilimia 1.5. Mahakama ilisitisha makato hayo, na lengo la nyumba 500,000 halikufikiwa.

Serikali iliyofuata iliyarejesha makato kupitia Sheria ya Fedha ya 2023. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote na mwajiri huongeza kiasi sawa. Anayelipwa Sh50,000 hutoa Sh750 kila mwezi, na mwajiri Sh750 nyingine. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema kuwa ushuru huo ulikiuka Katiba, ikitaja ubaguzi wa kuwatoza walioajiriwa rasmi pekee. Bunge likatunga Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa saini Machi 2024, ambayo iliwajumuisha pia wenye mapato yasiyo ya ajira rasmi.

Sheria hiyo ilipanga nyumba kwa viwango vya mapato. Wanaopata chini ya Sh20,000 kwa mwezi waliwekwa katika kundi la nyumba za kijamii, na wa kati ya Sh20,000 na Sh149,000 katika lile la nyumba za bei nafuu. Serikali ililenga kujenga nyumba 200,000 kila mwaka. Mei 2025, nyumba 1,080 za kwanza katika mradi wa Mukuru, uliopangiwa nyumba zaidi ya 13,000, zilikabidhiwa wakazi.

Wanaouunga mkono mpango huo husema umewapa vijana kazi za mjengo na kwamba kwa mara ya kwanza kuna hazina ya kudumu ya nyumba. Hoja hiyo ina mashiko. Benki nchini zina mikopo ya nyumba ipatayo 30,000 pekee katika taifa la watu zaidi ya milioni 47, na karibu kaya nne kati ya kila tano mijini huishi katika nyumba za kupanga. Soko huria limeshindwa kumjengea mtu wa kipato cha chini.

Lakini hesabu ya kibarua haijabadilika sana tangu Dandora. Sheria ya 2024 ilimtaka mwombaji awe na malipo ya awali ya asilimia 10 ya bei. Kwa nyumba ya Sh1.5 milioni, hayo ni Sh150,000. Anayefua nguo au kubeba mawe kwa Sh500 kwa siku, akipata kazi siku 22 kwa mwezi, huchuma Sh11,000. Angelazimika kuweka mapato yake yote ya zaidi ya miezi 13, bila kula wala kulipa kodi, ili afikie hatua ya kwanza. Zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi wenye ajira nchini wako katika sekta isiyo rasmi, na wengi wao hawana hati ya mshahara ya kuonyesha.

Kipimo kinachostahili

Tangu waraka wa 1966/67 hadi sheria ya 2024, mafanikio ya sera za nyumba yamekuwa yakipimwa kwa idadi ya vyumba vilivyojengwa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Anayefungua milango ya miradi ya miaka 50 iliyopita huwakuta ndani walimu, makarani na wafanyabiashara ambao nao walihitaji makao, lakini si wale ambao miradi hiyo ilitangazwa kwa majina yao.

Kuna hatua zinazoweza kuubadilisha mkondo huo bila kusubiri ujenzi wa mamilioni ya nyumba. Ya kwanza ni kujenga nyumba za umma za kukodishwa, ambazo aliyepewa hawezi kuziuza anapobanwa na shida. Ya pili ni kumlinda mpangaji wa mabandani kwa sheria ya kodi inayolingana na bei za sasa. Ya tatu ni kuwapa wakazi hakikisho la ardhi ya pamoja ili wajiboreshee makazi yao polepole. Ya nne ni kuhakikisha kwamba hakuna tingatinga linalowashwa kabla ya mahali mbadala kupatikana, kama sheria na mahakama zilivyokwisha kuelekeza.

Fedha za ushuru wa nyumba hutoka kwa mfanyakazi kila mwisho wa mwezi, akiwemo yule anayeishi katika chumba cha mabati. Anayo haki ya kuuliza, mbali na idadi ya nyumba zilizokamilika, ni nani hasa aliyekabidhiwa ufunguo, alikuwa akilala wapi hapo awali, na iwapo miaka mitano baadaye angali anaishi ndani yake.